Redio Isiyo na Namba

Efrazia alishuka zahanati alfajiri akiwa na beseni kichwani, na kabla jua halijatoboa mawingu ya mlima Hanang alikuwa anapanda kurudi, beseni lile lile kichwani, tumbo lile lile mbele yake. Waliomwona akishuka walimwona akipanda. Mwanamke anayeshuka na beseni hurudi na mtoto. Huyu alirudi na beseni.

"Mama Mectilda, vipi tena?" jirani mmoja aliuliza kutoka uani kwake.

"Bado," alijibu, akapita bila kusimama.

Nyumbani, mama mkwe wake, Marieta, alikuwa anapuliza moto wa kuni zilizolowa. Aliinua macho yaliyojaa moshi, akatazama beseni, akatazama tumbo.

"Wamekurudisha?"

"Nesi amesema uchungu bado haujawa uchungu. Na amesema sina glavu wala mpira wa kutandika. Akaniuliza mbele ya wanawake wa kliniki, 'Mama, umekuja na beseni tupu, unataka kuoga?' Wakacheka."

"Walicheka wewe ukiwa hapo?"

"Hata mimi nilicheka, mama. Ningefanyaje?" Efrazia aliegemea ukuta, akajishusha taratibu juu ya kigoda. "Nilimwambia mume wangu amekwenda Katesh kuvinunua. Akasema nirudi mume wangu akirudi."

Basili, mumewe, alikuwa ameswaga mbuzi mnadani tangu juzi ili apate fedha za vitu hivyo hivyo. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu mlimani, korongo likajaa, na daraja la chini, ambalo ndilo njia ya kwenda Katesh, lilikuwa limefunikwa na maji ya rangi ya chai. Kumpigia ilikuwa haiwezekani. Mtandao ulikatika na radi ya jana, na simu ya Efrazia ilibaki kuonyesha saa tu.

Ilikuwa Jumamosi, hivyo watoto walikuwa nyumbani. Mectilda alikuwa darasa la sita, Yonas darasa la pili. Walikuwa wanapukuchua mahindi mlangoni waliposikia bibi yao akiita jina la mama yao, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti ambayo hawakuijua. Kisha Marieta akatoka, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Kimbieni kwa nesi. Mwambieni mama yenu anatoka damu. Akiuliza ni nyingi, semeni ni nyingi."

"Ni nyingi, bibi?" Yonas aliuliza.

"Kimbia!"

Nesi Kissa alikuwa peke yake zahanati. Mwenzake alikuwa amekwenda kufuata dawa na maji yakamfungia ng'ambo. Kissa alitoka Tukuyu, akapangiwa kazi huku, na tangu afike hakuwahi kupata wiki ambayo kitu fulani hakikuisha: mara pamba, mara sindano, sasa glavu. Alikuwa anapima uzito wa watoto wachanga kwenye mizani ya kuning'iniza, ndipo Mectilda na Yonas walipoingia, matope hadi magotini.

"Shikamoo," Mectilda alisema, akihema.

"Marahaba. Baba ameleta vifaa?"

"Mama anatoka damu."

"Kidogo?"

"Bibi amesema tuseme nyingi."

"Sijakuuliza bibi amesema nini. Wewe umeonaje?"

Mectilda alifikiri. Aliona vibaya kumsemea mama yake mambo kama yale mbele ya watu. "Imepita kwenye godoro," alisema.

Kissa alimtoa mtoto kwenye mizani, akamrudisha kwa mama yake bila kuandika uzito. Wanawake wale wale waliocheka asubuhi walikuwa bado wamekaa kwenye benchi, na sasa kila mmoja alitazama miguu yake. Kissa alifungua kabati, akatoa glavu alizokuwa amezifungia kwa ajili ya dharura, dripu na kamba ya kufungia mkono, akavitia kwenye mfuko. Alijaribu simu yake, akaitikisa, akaitupa mfukoni.

"Mimi nakwenda kwa mama. Ninyi nendeni kwa katekista, ofisini kwake kuna redio ya masista. Mwambieni aite gari la wagonjwa. Lisije darajani, pale halivuki. Lije juu, kwenye mawe. Mmesikia? Kwenye mawe."

Walikimbia tena. Njiani Yonas aliuliza, "Redio inaitaje gari? Redio inaongea tu. Haisikilizi mtu."

"Sijui. Nesi amesema."

"Labda hajui redio ni nini. Huko kwao labda redio ni simu."

Hata Mectilda aliona jambo lile halina maana.

Katekista Yoakimu alikuwa ofisini akilinda simu za watu. Masista waliondoka zamani, watoto wale hawajazaliwa. Walipoondoka waliacha paneli ya sola juu ya bati, betri kubwa chini ya meza, na redio yao. Redio hakuna aliyeigusa, lakini betri ilikuwa baraka. Kijiji kizima kilichaji simu pale, na hata siku hii isiyo na mtandao waya zilikuwa zimesongamana mezani kama mizizi ya migomba. Aliposikia shida alisimama mara moja, akaondoa kitambaa cha zamani cha altare kilichofunika sanduku la chuma la rangi ya kijivu.

Watoto walisogea. Sanduku lilikuwa na kioo kidogo, vifundo vya kuzungusha, na waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe, mwishoni mwake kitu cheusi cha kushika mkononi. Yonas alipitisha kidole juu ya kioo, kutoka chini kwenda juu. Kidole kiliacha njia kwenye vumbi.

"Imeganda," alisema.

"Haijawashwa," Yoakimu alisema, akichomoa simu moja baada ya nyingine. "Tulieni. Nilikabidhiwa ufunguo wa chumba hiki, sikukabidhiwa maelezo."

"Namba tunabonyeza wapi?" Mectilda aliuliza.

"Haina namba."

"Sasa inajuaje tunampigia nani?"

Katekista alikuna shingo. "Haimpigii mtu. Sista alikuwa anasema hewani tu, na mwenye redio kama hii anasikia."

"Wote wanasikia?"

"Wote."

"Kama status," Yonas alisema.

Katekista hakujua status ni nini.

"Na kama siku hizi hakuna mwenye redio kama hii?" Mectilda aliuliza.

Lilikuwa ndilo swali alilokuwa akijiuliza Yoakimu mwenyewe, akazungusha kifundo. Taa nyekundu iliwaka. Sanduku likatoa sauti ya mafuta yanayokaanga vitumbua. Yoakimu alikamata kile kitu cheusi, akabana kitufe chake kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke.

"Haloo! Hapa ni Gehandu! Tunaomba gari la wagonjwa! Haloo!"

Alipobana, ule mlio ulikoma. Palikuwa kimya kabisa. Aliendelea kubana, akisubiri, uso umejaa matumaini.

"Wamenyamaza," aliwanong'oneza watoto. "Nadhani wanasikiliza."

Walisubiri. Kitufe kilikuwa kigumu, na kidole gumba chake kilikuwa cha mtu mzima aliyelima maisha yake yote, kilichoka. Alihamisha mkono, na katika kuhamisha huko sanduku likakohoa sauti ya mtu: "...nani hapo? Rudia, ova."

Yoakimu aliruka, akabana tena kwa nguvu zote. "Ndiyo! Ndiyo mwenzangu! Sema!"

Kimya.

"Katekista," Mectilda alisema kwa woga, maana hakuzoea kumsahihisha mtu mzima. "Ukiachia ndiyo anaongea."

"Nikiachia si itakatika?"

"Ulipoachia haikukatika."

Alimtazama, akatazama kitu kilicho mkononi mwake. Simu ambayo ili umsikie mtu lazima uiachie hakuwahi kuisikia. Lakini mtoto ndiye aliyeonekana kuielewa, akampa.

Mectilda alibonyeza. "Shikamoo." Akaachia.

"Marahaba," sauti ilijibu. Ilikuwa ya mzee, ikitoka mbali kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. "Wewe nani? Ova."

"Anaitwa Ova," Yonas alinong'ona.

"Mimi ni Mectilda. Mectilda Basili. Mzee Ova, tunaomba gari."

"Binti, ova siyo jina. Ukimaliza kusema, sema ova, halafu uachie. Mimi ni Tluway, mtunza stoo ya misheni huku upande wa Mbulu. Una shida gani? Ova."

Mectilda alikuwa na haraka, akaanza kusema kabla hajabonyeza: "Mama yangu anataka kujifungua na—" kisha akakumbuka, akabana, "—anatoka damu, ni nyingi, imepita kwenye godoro." Akasubiri. Hakuna kitu. Yonas alimpiga kiwiko. "Achia!" Akaachia, na maneno ya mzee yalikuwa tayari yamefika katikati: "...gari lije wapi? Sehemu gani ya Gehandu? Ova."

Kila alipobonyeza taa nyekundu ilififia, na alipoachia iliwaka tena, kila mara hafifu kuliko mwanzo. Simu za kijiji zilikuwa zimeshiba nguvu ya betri tangu asubuhi. Mectilda aliiona taa, akaogopa, akasema upesi upesi: "Lisije darajani. Maji yamepita juu. Lije kwenye mawe, huku juu, karibu na kwa mzee Gidabuday. Ova." Akaachia. Hakukuwa na sauti ya mzee, wala ya mafuta. Taa ilikuwa imezimika.

Alitazama kidole chake. Hakukumbuka kilikuwa juu au chini alipokuwa anasema.

"Imefika?" Yonas aliuliza.

"Sijui."

"Angalia tiki."

"Haina tiki."

"Sasa mtu anajuaje kama imefika?"

Wote wawili walimgeukia katekista. Yoakimu alikuwa amepiga magoti akigusa waya za betri, akizitoa na kuzirudisha. "Mimi sijui, wanangu," alisema. "Sista alikuwa akimaliza anafanya ishara ya msalaba na kutoka nje."

Upande wa Mbulu, ndani ya stoo yenye magunia ya mahindi na misumari, mzee Tluway alikuwa ameweka sikio lake zuri kwenye spika. Misheni nyingine zilikuwa zimezima redio zao zote, lakini yeye aliiwasha kila asubuhi kwa mazoea, akapanga vitu vyake ikimkaangia kelele pembeni. Hakutegemea mtu. Alichokisikia kilikuwa hiki: shikamoo, Mectilda Basili, anatoka damu, Gehandu, darajani. Kilichobaki kiliyeyuka. Alifunga stoo, akapanda mlimani penye mtandao, akapiga simu kwa watu wa gari la wagonjwa na kuwaambia alichokuwa nacho. Mgonjwa ni binti, sauti yake bado ya mtoto. Gari lifike darajani.

Wanaume wa jirani walifunga blanketi kwenye miti miwili wakapata machela. Gidabuday alishika mbele, Akonaay nyuma, wengine wakipokezana. Kissa alitembea ubavuni ameinua dripu juu ya kichwa chake, na matope yalimtoa kiatu kimoja, akakiacha. Marieta alishika mkono wa mkwewe. Watoto waliwakuta kwenye njia panda, pale ambapo njia moja hushuka darajani na nyingine hupanda kwenye mawe, na machela ikasimama.

"Gari linakuja wapi?" Kissa aliuliza.

Watu wote walimtazama Mectilda. Angeweza kusema neno moja na wangeendelea kutembea.

"Nilisema kwenye mawe," alijibu. "Lakini sijui kama nilikuwa nimebonyeza."

"Umebonyeza nini?" Gidabuday aliuliza.

"Kitufe. Usipobonyeza hasikii. Ukibonyeza humsikii."

"Sasa simu gani hiyo? Alisikia au hakusikia?"

"Sijui, babu."

"Hajui!" Gidabuday aliwaambia wenzake, jasho likimtiririka. "Tumebeba mtu mabegani na mtoto anatuambia hajui!"

Machozi yalimtoka Mectilda. Kissa alisema, "Hata kama gari liko darajani, pale hatuvuki. Twendeni kwenye mawe." Wakaenda, lakini hakuna aliyekuwa na hakika, na watu wanaobeba mzigo bila hakika huchoka upesi.

Kwenye mawe korongo hupanuka, maji yakagawanyika kati ya majabali na kupungua kina. Ng'ambo barabara ilikuwa tupu. Walimtua Efrazia kwenye nyasi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika," Marieta alijibu.

"Mbona sisikii gari?"

Marieta alimfunika kanga ya pili. Kissa aliweka kifaa chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza, akakihamisha tena. Kisha akakikunja taratibu na kukirudisha mfukoni, na Marieta, aliyewahi kuzaa na kuzika, alimtazama akikikunja.

Wakati huo, darajani, Basili alikuwa amekaa ng'ambo na wasafiri wengine wakisubiri maji yapungue. Mfukoni mwake mlikuwa na glavu na mpira wa kutandika. Gari la wagonjwa likaja likipiga king'ora, likasimama kwenye ukingo wa maji, na dereva akatoa kichwa.

"Jamani, kuna anayemfahamu Mectilda Basili? Tumeambiwa ni binti, anatoka damu nyingi."

Basili aliinuka, akalisogelea gari. "Ni mwanangu," alisema. "Ana nini? Nimemwacha mzima!"

"Hatujui, baba. Tumeambiwa darajani."

"Hapa hawawezi kuvuka. Watakuwa wamempeleka kwenye mawe. Nipeni nafasi, nawaonyesha."

Kwa hiyo walioko kwenye mawe waliona gari likija likiyumba katika tope, na kabla halijasimama sawasawa mlango ukafunguka, Basili akaruka. Alipita ndani ya maji yaliyomfika mapajani, akateleza, akainuka, akapita kando ya machela bila kuitazama, akamshika Mectilda mabega. Alimgeuza. Alimwinua kidevu, akamtazama mikono, akamtazama miguu.

"Wapi? Umeumia wapi? Damu iko wapi?"

Mectilda alimtazama baba yake kama mtu aliyepotewa na akili. "Siyo mimi, baba. Ni mama."

Basili aligeuka, akaona machela. Na kabla hajaweza kuizuia, nafuu ilimpita usoni; ilikuwa ya kupepesa jicho tu, halafu hofu ikaja mahali pake. Lakini Efrazia alikuwa macho, na aliiona.

Wanaume walimvusha kwa kushikana mikono.

Hospitalini alitiwa damu, ya Basili na ya dereva aliyejitolea, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa ameshakufa kabla hawajavuka maji. Walimrudisha nyumbani, wakamzika pembeni mwa shamba, katekista akasoma sala fupi, kwa kuwa kwa mtoto wa namna ile sala huwa fupi.

Kijijini Mectilda alisifiwa. "Huyu ndiye aliyeita gari hewani," watu walisema, wakimshika kichwa. Lakini alimsikia Gidabuday akisema kisimani, bila ubaya, "Kama wangejua kuitumia ile redio mapema, labda mama na mtoto wangepona wote wawili." Kuanzia hapo Mectilda alikula kidogo. Yonas, ambaye bado alikuwa anauliza maswali, alimuuliza baba yake kwa nini watu walitengeneza simu ambayo haisemi kama imefika. Basili alijibu kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa. Yonas akauliza, "Sasa zamani watu walikuwa wanajuaje?" Hata mambo ya nyumbani kwake Basili hakuyajua. Mkewe alikuwa anamjibu vizuri, anampa chakula, ila akiingia chumbani anageukia ukutani.

Siku moja mchana wanawake walikuja kumtazama Efrazia, na uji na maziwa. Wengine walikuwa wale wa benchi la kliniki. Walikuwa wamejaa chumbani Kissa alipotokea mlangoni, kanga mpya imekunjwa mkononi. Hakuna aliyesogea kumpisha. Alimsalimu Marieta, "Shikamoo, bibi," na Marieta akaitikia kwa sauti ndogo. Efrazia alikuwa amelala kwa ubavu, uso ukutani. Hakugeuka.

Kissa alibaki amesimama. Mectilda, aliyekuwa anagawa vikombe, alimkaribia. Swali lile alikuwa amelibeba siku nyingi, na huyu ndiye mtu pekee aliyemjua anayeweza kujua jibu lake.

"Nesi, kama ningebonyeza kitufe sawasawa, mtoto angepona?"

Wanawake walitazamana. Kissa alitazama mlango, kama mtu anayepima umbali. Angeweza kusema mambo ya Mungu. Kila mtu pale angeitikia amina.

"Hapana," alisema. "Mama yako alinifikia tangu alfajiri. Sikumpima vizuri. Nilimcheka mbele ya hawa mama, nikamrudisha. Angebaki pale, labda ningeona mapema. Siyo kitufe chako, Mectilda. Ni mimi."

Mmoja wa wanawake aliweka kikombe chini, kikagonga sakafu. Marieta aliziba mdomo kwa kanga. Nje Basili, aliyekuwa anapasua kuni na kusikia yote, alisimama na shoka mkononi, hajui alishushe au aliinue. Mectilda alimtazama nesi, akamtazama mama yake; hakuwa amejua kwamba mtu mzima anaweza kusema maneno kama yale, na hakujua sasa yeye afanye nini.

Efrazia alikohoa. Mgongo wake ulisogea kidogo chini ya shuka.

"Mectilda," alisema, uso bado ukutani. "Mpe nesi kigoda akae."